Kadi ya Pili

Jumatano, 9 Aprili

Daftari hili lilikuwa la mume wangu Hashim, la kuandikia safari za lori. Kurasa zake nimezibana kwa pini nisizione, nami naanzia katikati.

Leo ni siku ya thelathini na nane ya eda yangu. Lori lake lilipinduka karibu na Mackinnon Road siku ya pili ya Ramadhani, na tangu hapo sijavuka kizingiti cha nyumba hii ya mavyaa wangu hapa Bongwe. Miezi minne na siku kumi. Nitatoka wiki ya pili ya Julai, Mungu akinipa uhai. Mavyaa, Bi Mwanasha, mama yake Hashim, hushinda barazani na ungo wake, akipepeta mchele ambao ulikwisha pepetwa jana. Kila aingiaye humpita yeye kwanza. Hanikemei, wala hanisemeshi. Sijui ananilinda au ananichunga.

Kazi ninayo, shukrani kwa Mungu. Mimi hupiga filamu za harusi upande wa wanawake, wakati bibi harusi anapopambwa na kina mama wamevua mabuibui yao na kufungua nywele. Hupiga mwenyewe, huhariri mwenyewe, na kila mama wa bibi harusi namwapia kwamba hakuna jicho la mwanamume litakalopita juu ya picha zile. Hata Hashim alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia chumbani, nami nafunga kompyuta.

Harusi ya Nadhira wa Munje niliipiga mwezi wa Shaabani. Mumewe yuko Maskati, naye anamfuata tarehe kumi na nne Juni. Filamu yake bado sijaimaliza. Leo nimekaa kuihariri, kompyuta imeandika kwamba diski imejaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Stima hakuna.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefuta picha za simu, nimefuta nyimbo, nimefuta masomo ya upishi niliyoyapakua zamani. Kila nikihifadhi filamu inafika dakika ya kumi na nne inakwama. Diski imebakiwa na gigabaiti mbili tu.

Folda ya Hashim ipo pale pale. Mechi za mpira, picha za lori, stakabadhi. Sikuigusa. Nilipeleka mkono mara mbili nikaurudisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Shemeji Abubakar alikuja, mdogo wake Hashim. Alizungumza na mamake barazani, mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Mama, vitu vya marehemu lazima viandikwe vyote. Pikipiki, redio, na ile kompyuta."

"Kompyuta ina nini?"

"Ni mali ya marehemu. Nitaipeleka Ukunda kwa fundi aisafishe, aione ina nini ndani, kisha tutajua."

Nilingoja mavyaa aseme. Yeye alikuwapo siku Hashim aliponinunulia kompyuta ile. Nilisikia chai ikimiminwa, basi.

Aisafishe, aione ina nini ndani. Harusi kumi na saba zimo ndani. Mabinti wa Munje, wa Msambweni, wa Bongwe hii hii, kina mama zao na bibi zao, vichwa wazi. Fundi ataketi dukani na wenzake, atafungua moja kutazama kama inafanya kazi.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Mavyaa amenipikia muhogo wa nazi. Sikuweza kula.

Jumatano, 23 Aprili

Baada ya adhuhuri stima ilirudi, nikajiambia leo namaliza. Nikimaliza filamu ya Nadhira nitaitoa, nitazitoa na nyingine zote moja moja, Abubakar akija akute kompyuta tupu. Kwa hiyo nilitafuta nafasi. Nikaona folda mbili, "Nadhira" na "Nadhira 2". Nikaifungua ya kwanza, klipu zinaanzia moja hadi sitini. Nikaifungua ya pili, majina yale yale, moja hadi hamsini na nane. Nikafungua klipu moja ya folda ya kwanza, nikamwona Nadhira, nikaridhika. Nilidhani nimenakili mara mbili, kama nilivyozoea kufanya nikiwa na haraka.

Niliifuta ya pili. Wala sikuipeleka kwenye kikapu cha taka, kwa sababu kikapu nacho hula nafasi. Niliifuta moja kwa moja. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo.

Kisha nikafurahi. Nafasi ilipatikana, nikahifadhi filamu, ikapita dakika ya kumi na nne. Hapo hapo ikafika kwenye kupambwa kwa bibi harusi, picha ikawa nyeusi.

Kamera yangu kila ikitiwa kadi mpya huanza kuhesabu upya. Moja, mbili, tatu. Harusi ile ilikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ni mchana, wageni wakifika, chakula, ngoma. Ya pili ni jioni yote ya kupambwa: hina, asumini, Nadhira akifunuliwa mtandio, bibi yake akimtuza. Majina ni yale yale, picha ni nyingine. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Na kadi zenyewe nilizifuta Februari mwishoni, kabla ya msiba, niende nazo harusi nyingine.

Nilikaa sakafuni mpaka magharibi. Mavyaa alifungua mlango, akanitazama, akaufunga. Nadhani alidhani namlilia mwanawe. Sikumwambia kitu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia Beryl. Ni mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa Kisumu, hufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Diani. Msimu wa mvua wageni hawapo na hoteli imewapa likizo, kwa hiyo naye anashinda ndani akisikiliza mabati. Kabla ya leo tulikuwa tukisalimiana tu. Nilimwona msichana wa kelele, wa kucheka na simu.

Alinisikiliza bila kucheka.

"Tangu ufute, ume-save kitu?" akaniuliza.

"Nimehifadhi filamu. Dakika kumi na nne."

"Aisee. Basi zima, dada. Zima saa hii na usiiwashe tena. Si kwamba zimetoka. Kompyuta imefuta tu jina, imesema hapo pako wazi. Ukiandika kitu kingine hapo juu ndiyo zinapotea kabisa."

Nikamwambia kuhusu Abubakar na fundi wa Ukunda. Akasema kwao hotelini kuna jamaa wa kompyuta, mjanja, hizo vitu anazijua, tumpelekee tu atazirudisha.

"Ni mwanamume?"

"Ndiyo. Lakini ni mtu poa."

Nikamweleza kiapo. Nikamweleza kwamba mwanamke akinifungulia nywele zake ameniachia amana, na amana hiyo si yangu kuamua nani ni mtu poa. Sikudhani ataelewa. Akasema, "Hata mimi singependa." Kisha akasema atamuuliza yule jamaa njia tu, bila kumpa mashine.

Kompyuta nimeifunga kwa leso, nimeiweka chini ya kitanda.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nadhira amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Mama Nadhira amepiga. Sikupokea.

Jumanne, 6 Mei

Beryl alikwenda Diani juzi kumwona jamaa yake na barabara ya huku imejaa maji, hakuna gari linalopita. Amelala kwa rafiki. Nami nalala juu ya kompyuta kama kuku wa kulalia mayai viza.

Nafikiri juu ya nyumba hii. Ukuta, pazia, ungo. Miezi miwili nasikia mlango ukifunguliwa na simwoni aliyeingia. Nimekumbuka kwamba Hashim alipokuwa safarini nilikuwa nikitembea peke yangu hadi Ukunda na kamera begani, na sikuwahi kushukuru. Leo nilisimama uani nikatazama mtaro ukipeleka majani nje ya ua. Mavyaa akaniita, "Mwanatumu, utalowa." Nikarudi ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Stima hakuna. Abubakar amemwambia mamake anakuja Jumanne na gari la rafiki yake.

Jumapili, 11 Mei

Beryl amerudi, viatu mkononi. Ameleta programu kwenye flashi, na amemwaga sinema zake zote kutoka diski yake ya nje ili tupate mahali pa kuweka. Nilimwambia ni nyingi mno kunifanyia. Akasema sinema zote ashaziona.

Masharti ya yule jamaa ameyaandika kiganjani kwa kalamu. Programu iendeshwe kutoka kwenye flashi, isipakiwe kwenye kompyuta. Kinachopatikana kiwekwe diski ya nje, kisirudishwe pale kilipofutwa. Na kompyuta isizimike ghafla.

La mwisho hilo ndilo tatizo. Betri yangu haifiki nusu saa, na jana na leo stima haikukaa saa tatu mfululizo.

Jumanne, 13 Mei

Stima ilirudi alfajiri. Tukaanza saa moja asubuhi, mimi na Beryl, mlango umefungwa. Programu ilisema itachukua saa tisa. Hesabu ilikuwa ikipanda polepole sana, nikawa natazama nambari badala ya kupumua. Asilimia kumi. Ishirini na mbili. Beryl alichemsha chai, akanifundisha kucheza karata, nikashindwa mara zote.

Asilimia sitini na moja nikasikia gari. Abubakar hakuja peke yake. Sauti ya pili ilikuwa ya mtu nisiyemjua, akiuliza mashine ni ya aina gani.

"Ni fundi," Beryl akanong'ona, akichungulia dirishani. "Ako na begi."

Nilishika kompyuta kwa mikono miwili. Beryl akanishika vifundo vya mikono. "Usiichomoe. Ukiichomoa sasa tumeanza mwanzo." Basi nikakaa vile, siwezi kukimbia nayo, siwezi kuificha, siwezi kutoka. Nilitamani paa lianguke.

Nje Abubakar alisema, "Mama, tumekuja kuchukua ile kompyuta. Tutairudisha kesho."

Nilisikia ungo ukiwekwa chini.

"Huyu uliyemleta ni nani?"

"Ni fundi, Mama."

"Shemeji yako yuko eda. Wewe unamleta mwanamume mgeni mpaka mlangoni kwake?"

"Hatuingii, Mama. Ni kompyuta tu, atutolee yeye."

"Kompyuta si ya marehemu. Hashim aliinunua akaileta hapa hapa barazani, akamkabidhi mkewe, nami nimekaa nilipokaa sasa. Alisema, hii ni yako, fanya kazi yako. Ukitaka shahidi mbele ya kadhi, mimi nitakwenda kwa miguu yangu, na mvua hii."

Fundi aliomba radhi akarudi garini. Abubakar alisimama kidogo. Sikuwa nikimwona, lakini nilisikia sauti yake imebadilika, imekuwa ya mtoto.

"Nilitaka picha zake, Mama. Sina hata moja. Sikujua nitaanzaje kumwomba mkewe."

"Ungemwomba kwa mdomo," mavyaa akasema. "Nenda. Eda ikiisha utaomba."

Saa nane na robo stima ikapotea, asilimia themanini na nane. Beryl akawahi kusimamisha kazi na kuhifadhi ilipofikia, tukazima kabla betri haijaisha. Ilirudi saa kumi. Ilikamilika magharibi.

Mavyaa aliniletea uji. Nikamuuliza kwa nini hakusema yale siku ya kwanza Abubakar alipokuja.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akanijibu. "Ni yako. Lakini wewe huzungumzi na mtu. Waandika tu."

Jumatano, 14 Mei

Kati ya klipu hamsini na nane zimerudi hamsini na moja. Zinazofunguka na kuonekana hadi mwisho ni arobaini na tatu. Nyingine zina rangi za kijani na sauti iliyokatika. Asumini zipo, hina ipo. Nadhira akifunuliwa mtandio hakuna. Bibi yake akimtuza hakuna. Pale ndipo niliposhindilia dakika zangu kumi na nne.

Na programu haikuchagua. Imeleta vyote vilivyowahi kufutwa kwenye diski ile, hata vya zamani. Katikati ya vipande hivyo mna klipu ya sekunde kumi na moja. Ni Hashim, kwenye baraza hii, anaigeuza kamera yangu mkononi akiitazama kwa jicho moja. "Inawaka hii?" anasema. Kisha anasema, "Mwanatumu, mbona taa nyekundu?" Kisha anacheka na picha inageuka kuwa sakafu. Bila shaka aliihamishia kwenye kompyuta aitazame, kisha akaifuta mwenyewe, aliona ameniharibia kadi.

Beryl alitoka nje bila kuambiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Leo Beryl amenionyesha nilichopaswa kukitazama tangu mwanzo. Kwenye mipangilio ya kompyuta kuna ukurasa unaoeleza ni nini kinakula nafasi. Harusi zangu hazikuwa za kwanza. Ya kwanza ni programu yangu ya kuhariri: gigabaiti sabini na moja za faili za muda, vivuli vya klipu ambavyo hujitengenezea ili ifanye kazi haraka, na haivifuti harusi ikiisha.

"Hizi ukitoa haupotezi kitu," akasema. "Ikizihitaji itatengeneza zingine."

Tukazitoa kutoka ndani ya programu yenyewe, kisha faili za muda za mfumo, kisha masalio ya masasisho ya zamani. Folda za mfumo hatukuzigusa. Dakika ishirini hazikufika. Nilikuwa na nafasi ya kutosha harusi tatu.

Dakika ishirini. Nilicheka mpaka mavyaa akaja kutazama, na kicheko kikageuka, akanishika bega.

Baadaye tulizihamisha zile harusi nyingine kumi na sita kwenye diski ya nje. Nakili, fungua nakala, itazame hadi mwisho, ndipo ufute. Beryl alinilazimisha kutazama hadi mwisho kila moja, hata alipokuwa akisinzia.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwonyesha mavyaa zile sekunde kumi na moja. Nilikuwa nimezificha siku sita. Niliogopa kugawana.

Alisogeza uso karibu na skrini, macho yake hayaoni vizuri. Hakulia. Ilipoisha akasema, "Mrudishe."

Nikairudisha.

"Mrudishe tena."

Tulifanya hivyo hadi adhana ya alasiri. Kisha akasema Abubakar naye apelekewe. Nimemtumia kwa simu. Amejibu neno moja, "Ahsante shemeji," na baada ya saa nzima akaandika tena, "Nisamehe."

Jumatano, 28 Mei

Mvua imepungua. Nahariri.

Jumapili, 8 Juni

Sikukuu imepita. Filamu imekwisha, dakika hamsini na mbili. Nimempigia Mama Nadhira, nikamwomba waje wenyewe kwa kuwa mimi siwezi kutoka. Sauti yake ilikuwa baridi.

Jumanne, 10 Juni

Walikuja wote wawili, Nadhira na mamake. Shikamoo yangu Mama Nadhira aliipokea bila kukaa. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha filamu kwanza, ili waipende, kisha ndipo niseme. Mavyaa alikuwa amekaa pembeni na nikaona haya kufanya hivyo mbele yake. Nikasema kwanza.

Nilisema nilifuta mwenyewe kwa haraka. Nikasema kinachokosekana: kufunuliwa mtandio, kutuzwa na bibi, na vipande vingine. Nikasema hakuna mwanamume aliyeona hata kimoja.

Nadhira alikuwa akikunja pindo la buibui.

"Hakuna aliyeona?" akauliza.

"Hakuna. Naapa."

"Mimi nilidhani zimetoka nje. Hupokei simu, nikajua zimetoka, zinazunguka kwenye simu za watu. Nilikuwa siwezi kulala. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mume wangu." Akajifuta macho. "Ungepokea simu, dada. Ungeniambia tu zimepotea."

Hilo ndilo sikuwa nimelifikiri. Siku arobaini na zaidi nilijiona nimefungwa peke yangu, na yeye kule Munje nilikuwa nimemfunga mimi.

Mama Nadhira hakulia. Alitazama filamu yote, ikaisha, akasema asumini zimetoka vizuri. Kisha akaniambia nizifute zilizobaki kwenye kompyuta na kwenye diski ya Beryl, mbele yake. Nikampa kwanza diski yao, tukaifungua, tukahakikisha. Ndipo nikafuta, nikamwaga kikapu, na Beryl akaonyesha jinsi ya kuandika juu ya nafasi ile ili hata programu kama yetu isizirudishe. Mama Nadhira alikaa saa mbili akingoja imalizike.

Mlangoni nikamwomba radhi tena.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mdogo wake akiolewa nitamtafuta mwingine."

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Ni haki yake.

Jumapili, 22 Juni

Hoteli imemwita Beryl kazini. Uani kumekuwa kimya. Nadhira amefika Maskati salama, ameniandikia.

Jumanne, 8 Julai

Eda imekwisha leo. Mavyaa alinichotea maji mwenyewe, akanipa leso mpya na mafuta ya asumini. Nilivaa nikakaa kitandani, nikaogopa kutoka. Nilikuwa nimeingoja siku hii miezi yote na sikujua niende wapi.

Alikuja akanishika mkono, tukavuka kizingiti, akanisindikiza hadi barabarani. Hata yeye alikuwa hajafika pale tangu Machi. Sikuwahi kulitambua hilo. Kila nilipokuwa nikihesabu siku zangu ndani, alikuwa barazani, hatua tatu kutoka kwangu, na hakwenda matangani wala sokoni wala kwa dada yake.

"Nitarudi kabla ya adhuhuri," nikamwambia.

"Usiniambie saa," akasema. "Nenda."

Nilitembea hadi Ukunda. Viatu vilinibana, miguu imesahau. Nilinunua embe nikalila nimesimama, kati ya watu. Nilirudi jua linatua. Ungo ulikuwa umetundikwa ukutani, mlango uko wazi, na barazani hapakuwa na mtu. Jirani akaniambia mavyaa wako amekwenda kwa dada yake, amesema usimngoje kwa chakula.